Mechi mubashara inaganda uwanja ukijaa

SWALI: Shikamooni wataalamu. Tunarusha mechi kwa simu ya 4G kutoka uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara. Watu wakijaa, picha inaganda. Je, 5G itatuponya?

JIBU: Marahaba. Kinachozidiwa ni njia ya kupandisha data, maana mnagawana mnara na mashabiki wote. 5G ina nafasi zaidi, lakini dawa hasa ni kutengewa njia yenu, na hiyo hutaka 5G kamili, si ile inayoegemea mitambo ya 4G. Mwulizeni mtoa huduma hilo kwanza.

Kwa sasa, pimeni kasi ya kupandisha uwanja ukiwa umefurika, kisha tumieni nusu tu: mkipata Mbps 6 (megabiti kwa sekunde), rusheni picha ya ubora wa 720p kwa Mbps 3. Simu ikae kivulini. Ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe.