Usiwaite wapiganaji kambini kabla hujahesabu maji, malori na fedha

Mjadala kuhusu jeshi na ulinzi wa amani mara nyingi huanzia kwenye azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa: kikosi kina ruhusa ya kutumia nguvu, au hakina? Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo operesheni nyingi huharibikia mahali pa kawaida kabisa, kwenye hesabu. Kamanda anatangaza jambo, tuseme siku ya wapiganaji kusalimisha silaha na kulipwa, watu wanamwamini, halafu malori hayatoshi, maji yanakwisha saa nne asubuhi na fedha bado zinasubiri saini. Kwa watu waliotoka vitani, hilo ni baya kuliko kutoahidiwa chochote.

Chukua Liberia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 7 Desemba 2003 kambi ya Schieffelin, nje ya Monrovia, ilifunguliwa kupokea silaha. Walitarajiwa watu wachache, wakaja maelfu, wakitaka hapo hapo sehemu ya dola 300 walizoahidiwa. Ghasia zikazuka mjini, watu wakafa, na zoezi likasimamishwa hadi Aprili 2004. Makadirio ya mwanzo yalikuwa wapiganaji wapatao 38,000. Mwishoni waliandikishwa zaidi ya 100,000, ilhali bunduki zilizopokelewa zilikuwa kama 28,000. Mtu aliweza kukubaliwa kwa kuleta risasi 150 tu, na risasi hugawika kirahisi kuliko bunduki.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza tarehe, piga hesabu kwenye karatasi. Tuseme meza moja ya uandikishaji humaliza mtu mmoja kwa dakika 10: picha, jina, kikosi, namba ya silaha, kadi. Kwa siku ya saa 8 hao ni watu 48. Ukiwa na meza tano ni 240, na hapo hakuna kompyuta iliyozima wala karani aliyeugua. Wakija 1,000 asubuhi ya kwanza, 760 watalala nje ya uzio, wengi wao wakiwa bado na bunduki. Hao 1,000 wanahitaji angalau lita 15,000 za maji kwa siku, ukifuata kiwango cha kimataifa cha lita 15 kwa mtu, na vyoo 50 ukihesabu kimoja kwa watu 20. Vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, na kuwe na taa njiani.

Dawa ya msongamano ni kutowaita wote. Kubaliana na makamanda wao wakupe orodha kwanza, kisha waletwe kwa makundi kutoka sehemu za kukusanyikia, kwa malori ya kikosi chako, kila kundi na siku yake. Orodha hiyo usiiamini moja kwa moja, maana kamanda ana sababu zote za kuongeza majina ya ndugu zake na kuacha ya watoto na wanawake waliokuwa wakimpikia na kumbebea mizigo. Sierra Leone mtu aliweza kutakiwa kufungua bunduki na kuifunga tena ili kuthibitisha kwamba ni mpiganaji. Jaribio hilo liliwapita wengi waliolazimishwa kuingia msituni bila kushika silaha, na wanawake walioandikishwa wakawa wachache mno. Weka mlango wa pili, usiodai bunduki, na uhojaji wa mlango huo ufanywe na mwanamke.

Pale silaha zinapopokelewa, hatari kubwa ni askari aliyechoka. Bunduki ielekezwe kwenye ukuta wa magunia ya mchanga tangu inapoingia. Kwa bunduki za aina ya AK, toa magazini (kisanduku cha risasi) kwanza, ndipo uvute koki, uangalie chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho na kwa kidole, uachie koki, kisha ufyatue ukilenga mchanga. Kosa la kila siku ni kukoki kabla ya kutoa magazini: risasi ya kwanza inaruka nje, ya pili inaingia chemba, na mtu anafyatua akidhani bunduki ni tupu. Risasi ziende shimo lake, mbali na bunduki. Guruneti na makombora yasiingizwe kituoni kabisa. Mwenye nayo ayaache yalipo, aoneshe mahali, na wataalamu wa milipuko wayafuate huko huko.

Halafu bunduki zikatwe kwa msumeno au moto haraka iwezekanavyo, ikiwezekana wiki hiyo hiyo na mbele ya mashahidi wa pande zote. Msumbiji silaha nyingi zilikusanywa kati ya 1992 na 1994 bila kuharibiwa, na kuanzia 1995 polisi wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walilazimika kufukua maficho ya silaha kwa miaka.

Kwenye malipo, hata hivyo, Msumbiji walifanya jambo la busara: ruzuku ya wapiganaji wa zamani ilisambazwa kwa miaka miwili na kulipwa kwenye matawi ya benki huko mtu alikochagua kuishi. Fedha zikawa sababu ya kwenda nyumbani. Ukilipa kwa mkupuo kambini, kamanda wa zamani anasimama nje ya lango akidai fungu lake.

Ulinzi wa raia nao una hesabu yake. Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa katika mji wa Kiwanja, Kivu Kaskazini nchini Kongo, na kambi ya walinda amani ilikuwa chini ya kilomita mbili kutoka hapo. Baada ya hapo Umoja wa Mataifa ulianza kuajiri Wakongo wa kukaa na jamii na kuunganisha vijiji na kambi, jambo ambalo lingepaswa kuwa la siku ya kwanza. Kila kijiji ulichoahidi kukilinda, jua ni dakika ngapi kufika usiku, mvua ikinyesha, na namba ya nani itapigwa. Kama ni mwendo wa saa tatu, waambie ni mwendo wa saa tatu. Watapanga mahali pa kujificha wakijua ukweli.

Doria za kuni za Darfur, Sudan, zinaonesha jambo hilo kwa udogo wake. Wanawake wa kambini hutoka alfajiri kutafuta kuni, na huko ndiko wanakoshambuliwa. Doria nzuri huanza jana yake, kwa mazungumzo: wao ndio wachague njia na saa, na mkalimani awe mwanamke. Askari watangulie na wasirudi kabla ya mwanamke wa mwisho kurudi. Gari likiharibika, ujumbe ufike kambini kabla hawajatoka, kwa sababu doria iliyoahidiwa isipotokea, wataenda mbali zaidi wakidhani kuna mtu mbele.

Kuhusu ujenzi mpya, jeshi lina nguvu kwenye barabara, madaraja, visima na utafutaji wa mabomu ya ardhini. Shule ni kishawishi, kwa kuwa hupendeza kwenye picha. Miradi ya haraka ya Umoja wa Mataifa kwa kawaida haizidi dola 50,000 na miezi sita, na ndani ya kipimo hicho jengo linasimama, lakini mwalimu hatoki kwenye bajeti hiyo. Usimwage zege kabla wizara haijaandika ni nani atalipwa mshahara kufundisha humo. Wahandisi wa jeshi wasimamie na vijana wa eneo hilo walipwe kuchimba. Wala usigawe chakula juu ya gari la deraya, maana kesho mfanyakazi wa misaada atakayepita hapo bila silaha ataonekana ni mwenzako.

Na kambi yako mwenyewe ni sehemu ya kazi. Haiti, Oktoba 2010, kinyesi kutoka kambi ya walinda amani karibu na Mirebalais kilifika mtoni, kikaenda hadi mto Artibonite, na kipindupindu kikaua watu karibu 10,000. Shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na chini yake libaki mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Mkandarasi wa kunyonya maji taka afuatwe na gari lako hadi anapomwaga. Kusaini stakabadhi hakutoshi. Vilevile agizo la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa la 2003 linakataza kubadilishana fedha au chakula kwa ngono, na ngono na aliye chini ya miaka 18, hata sheria ya nchi husika ikisema vingine. Askari asomewe kwa lugha yake kabla ya kupanda ndege.

Kuondoka kupangwe kama walivyofanya Sierra Leone, wilaya kwa wilaya hadi mwisho wa 2005, polisi wa nchi wakishika kila eneo kwanza. Miezi miwili kabla, punguza doria zako na uongeze zao, ili ijulikane mapema polisi wana gari na mafuta au hawana. Ramani za mabomu ya ardhini zikabidhiwe kwa nakala tatu. Mashimo ya vyoo yafukiwe na mafuta yaliyomwagika yachimbwe na udongo wake. Wazee wa kijiji waambiwe tarehe ya doria ya mwisho, na saa yake.