Kusimamia ujenzi wa mnara wa kumbukumbu na makumbusho Lindi au Mtwara

Kabla ya kuifungua michoro, fungua kalenda. Kusini tuna masika moja ndefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Msingi uanze kuchimbwa mvua ikikatika, paa liwe limefungwa kabla mvua hazijarudi. Halafu kuna korosho: kuanzia Septemba vibarua huondoka kwenda shambani, na nyongeza ndogo ya posho haiwarudishi. Kazi inayotaka watu wengi kwa siku moja, kama kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, isivuke Agosti.

Ukanda wa pwani una mwamba wa matumbawe wenye mapango ndani. Juu unaonekana imara, chini kuna tundu la kuingia mtu. Usikubali shimo moja la majaribio. Toboa kila kona ya jengo na chini ya mnara wenyewe, maana uzito wake wote umekaa mahali padogo.

Adui mkubwa ni chumvi. Mchanga wa ufukweni usiingie saiti, hata mkandarasi akiapa kwamba umeoshwa. Maji ya kisima yapelekwe maabara. Kuyaonja kunasaidia tu kukataa yaliyo mabaya waziwazi. Chumvi ikifika kwenye nondo, kutu huanza, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndipo zege hupasuka kwa ndani na kumeguka. Nyuso za nje ziwe na zege la milimita 50 juu ya nondo. Biskuti, yaani vipande vinavyoshikilia nondo mbali na uso wa zege, zitengenezwe kwa zege lenye ubora uleule. Vipande vya mbao ni marufuku. Mfuko wa saruji wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 22 za maji, pamoja na yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Hapa ndipo ugomvi na mafundi, kwa sababu zege jepesi hutiririka bila jasho. Pima slampu, yaani kiasi zege bichi linavyotitia, mara kwa mara, ponda vipande vya majaribio siku ya 7 na ya 28, na funika zege kwa magunia mabichi kwa siku 7 au zaidi.

Vibao vya majina vifungwe kwa pini za chuma cha pua daraja la 316. Pini za kawaida zitatoa michirizi ya kutu juu ya majina ya marehemu, na hakuna familia itakayolisamehe hilo. Majina yenyewe ni kazi ya miezi. Kama kumbukumbu ni ya Majimaji, vita vilivyoanza 1905 katika milima ya Matumbi, wazee wa huko wasikilizwe kabla mchoro haujapitishwa, na siku ya tambiko iwekwe kwenye ratiba na bajeti. Kwa askari, linganisha jina la jeshini na la nyumbani. Chapisha orodha kwa ukubwa halisi, ibandikwe ofisi ya kijiji, ndugu wasaini, ndipo mchongaji aanze.

Jamvi la milimita 150 huhitaji takriban miezi sita kukauka. Tarehe ya uzinduzi ikitangazwa mapema, makabati yatafungwa juu ya unyevu, kisha ukungu utakula nyaraka, ngozi za ngoma na vinyago. Mita ya unyevunyevu isome chini ya asilimia 65 kabla kitu chochote hakijaingia. Kiyoyozi kinachozimwa usiku kinaweza kuleta madhara makubwa kuliko kutokuwepo. Baraza pana na madirisha yanayopitisha upepo ni salama zaidi. Ukikarabati jengo la zamani la mawe ya matumbawe, kama yale ya Mikindani, piga lipu ya chokaa. Saruji hufungia maji ukutani.

Fedha ya zuio, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayoshikiliwa, isilipwe yote siku ya makabidhiano. Mkataba useme sehemu yake itabaki hadi masika nzima ipite, kisha mhandisi akague paa, mifereji na miguu ya kuta.