Kwa mita 1.95 na kilo 130, anza na kibandiko cha uzito

Ndugu, umeuliza uchague baiskeli gani ya umeme kwa urefu wa mita 1.95 na uzito wa kilo 130. Usianze na mota kama wengi wanavyofanya. Soma kwanza kibandiko cha uzito kwenye fremu. Mara nyingi kile kikomo ni cha vyote: wewe, begi na baiskeli yenyewe. Kikiandikwa kilo 150 na baiskeli ina kilo 25, umebakiwa na 125, yaani umeshapitiliza kabla hujabeba hata kompyuta. Tafuta ya 180 kwenda juu.

Kinachokufa mapema ni gurudumu la nyuma. Mimi nina kilo 118. Spoku zilikuwa zinakatika moja moja, tena upande wa cheni, mpaka nikasukiwa rimu ya spoku 36 nene. Tairi pana, milimita 50 hivi, nazo zinasaidia sana. Breki ziwe za diski, za mafuta.

Mota ya katikati, ile inayokaa kwenye pedali, hupanda mlima vizuri kwa kuwa inatumia gia za baiskeli. Betri itaisha mapema kuliko tangazo linavyosema, zoea tu.

Kuhusu urefu, ukilazimika kuinua nguzo ya siti kupita alama yake ya mwisho, fremu hiyo ni ndogo. Achana nayo.