Kundi la Damu Halitoshi: Vipimo Tulivyochelewa Kuvijua Kabla ya Kupandikiza Figo

Shemeji yangu aliuza mashua yake hapa Lamu kwa nia ya kumpa mkewe, dada yangu, figo. Kituo kimoja cha vipimo kilikuwa kimempima kundi la damu, kikamkuta ni O kama dada yangu, na wakamwambia anafaa. Miezi miwili baadaye, Nairobi, tukaelezwa kwamba figo yake haiwezi kuwekwa. Ninaandika kwa ajili ya jamaa ambao jioni hii wamekaa wakishauriana nani atoe, wasije wakaanza na mnada kama sisi.

Kundi la damu ni mlango wa kwanza tu. Baada yake hutazamwa alama za tishu ziitwazo HLA, zilizo juu ya chembe za mwili, ambazo kwazo kinga humtambua mwenyeji na mgeni. Jeni zake zimo katika kromosomu ya 6, na mtoto hurithi fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo mzazi na mtoto hufanana nusu, ilhali ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kikamilifu, 2 kati ya 4 ya kufanana nusu, na 1 kati ya 4 ya kutofanana kabisa.

Hata hivyo, kutofanana siko kulikomzuia shemeji, kwa kuwa dawa za kutuliza kinga zimewawezesha wanandoa wengi kupeana figo. Kilichomzuia ni kipimo cha kuchanganya, ambapo chembe nyeupe za mtoaji hutiwa katika seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yake, ili ionekane kama kingamwili zake, yaani protini za kinga zinazopambana na kitu kigeni, zitazishambulia. Za dada zilizishambulia. Amezaa watoto wanne, na katika mimba mwili wa mama hukutana na alama ambazo mtoto amezitoa kwa baba, hata mara nyingine ukajitengenezea kingamwili dhidi yake zinazodumu miaka mingi. Figo ikiwekwa juu ya kingamwili kali za namna hiyo, yaweza kufa siku ileile.

Shemeji alivua kofia, akatoa ndani yake cheti cha kundi la damu alichokuwa amekikunja mara nne, akakitandaza juu ya goti. Akauliza, "Nimemkosea nini?" Dada akamjibu, "Hukunikosea, baba watoto. Ni hao wanao ndani ya damu yangu."

Basi msiuze kitu kabla ya jibu la kipimo cha kuchanganya. Mwanamke na amweleze daktari mimba zake zote, pamoja na zilizoharibika, na kila mgonjwa ataje kila chupa ya damu aliyowahi kuongezewa, maana damu ya mtu mwingine nayo huweza kuzaa kingamwili. Damu ikipungua wakati wa kusafishwa kwa mashine, ulizeni kama sindano za eritropoietini, homoni inayouchochea mwili kutengeneza damu, zitatosha. Ila daktari akisema maisha yamo hatarini, damu isikataliwe.

Pimeni pia ndugu wote walio tayari kwa hiari yao, bila kumshurutisha yeyote. Kaka yetu mkubwa alifanana na dada pande zote mbili, lakini alikutwa na kisukari ambacho hakuwa akikijua, akaondolewa. Mimi nilifanana naye nusu, na seramu yake haikunishambulia. Figo yangu ndiyo iliyowekwa.

Siku chache kabla ya upasuaji tulitolewa damu tena, kwa kuwa kingamwili hubadilika na jibu la miezi iliyopita halitoshi. Kama mgonjwa ameongezewa damu au ameugua tangu kipimo cha mwisho, semeni wenyewe bila kungoja kuulizwa. Aliyesema kwetu alikuwa shemeji, aliyekuwa ameandika tarehe zote nyuma ya cheti kile kilichokunjwa.