Mke hajui, ila mwenyekiti wa mtaa atajua

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtumishi wa umma, miaka 38, nilihamia Dodoma na wizara na tunaishi Ilazo. Rafiki yangu wa Dar ana bastola aina ya Glock, amenipeleka mara tatu kulenga shabaha huko huko Dar. Shangazi, nimependa! Kichwa kinatulia kuliko hata nikicheza mpira. Hapa Dodoma sijapata pa kulengea, lakini nataka niwe na ya kwangu. Glock siiwezi. Kuna za bei nafuu, za Uturuki na Brazili, rafiki ananicheka eti nitanunua kiberiti cha gesi. Pesa nimeshakusanya, ziko kwenye bahasha ndani ya begi la kompyuta. Mke wangu hajui. Niliwahi kumgusia, akasema siku hicho kitu kikiingia mlangoni, yeye anatokea mlango huo huo. Tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Je, bastola ya bei nafuu inafaa kwa shabaha, au nivumilie nipate ya maana?*
*Baba Wawili, Ilazo*

Marahaba, mwanangu. Nianze na ulichouliza, maana nisipokujibu hicho hutasoma mengine.

Inafaa. Rafiki yako anakucheka bure. Hiyo Glock yenyewe, jeshi la Austria lilipoichukua mwaka 1982, wapo walioibeza kuwa ni bastola ya plastiki. Leo ndiyo anayokuringia nayo. Canik wanatengeneza zao Samsun, Uturuki, na wapo washindani wa shabaha wanaozitumia mchana kweupe. Taurus ya Brazili nayo inapiga, ila kuwa macho na za zamani: mwaka 2015 kampuni ilikubali kumaliza kesi huko Marekani kuhusu aina 9 za bastola zake zilizodaiwa kuweza kufyatuka zikianguka chini. Ukiuziwa Taurus kuukuu, uliza ni aina gani na ya mwaka gani kabla hujatoa hata mia. Hata Hi-Point ya Marekani, ambayo kwa bei iko chini kabisa, inatoboa karatasi ya shabaha. Slaidi yake, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua, ni nzito kama tofali kwa sababu ndani haina mfumo wa kufunga mtutu, uzito ndio unaofanya kazi hiyo. Haina sura. Ila karatasi haiangalii sura.

Sasa utauliza, bei imepunguzwa wapi? Nimeishika moja, nitakwambia. Binamu yangu wa Kongwa, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye leseni yake, alinunua ya bei chee. Tulikuwa barazani. Akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akavuta slaidi mara mbili, akanionyesha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, iko tupu, ndipo akanipa. Mimi nilipita JKT Makutupora, bunduki si mgeni kwangu, lakini triga ile ilinichekesha. Unavuta, inakwenda, inakwenda, inakwaruza kidogo kama kuna mchanga ndani, unadhani imefika kumbe bado, halafu inakatika ghafla na ncha ya mtutu inainama. Hapo ndipo risasi inapoikosa karatasi. Mtutu wenyewe ulikuwa mzima, umenyooka vizuri kabisa. Kasoro ilikuwa kwenye kidole changu, na kidole kinafundishika.

Kilichomtesa binamu ni kingine. Alipewa magazini mbili, na moja midomo yake ya juu ilikuwa imepinda unywele tu. Kila risasi ya tatu au ya nne inakwama. Aliitukana bastola miezi miwili kabla mtu hajamwambia abadilishe magazini, na tangu siku hiyo haijakwama tena. Kwa hiyo ukinunua ya bei nafuu, magazini za ziada ziwe za kampuni ile ile, na usiisifu wala kuiponda kabla haijala risasi mia mbili hivi. Na mafuta yawe kiasi! Upepo wetu wa Dodoma wa kiangazi unaujua, vumbi likikutana na mafuta mengi linakuwa tope, na tope ndani ya slaidi halina Glock wala Canik.

Kosa kubwa la wanaobana pesa wala si kampuni. Ni kununua kile kidogo cha kufichika kiunoni, kwa kuwa ndicho cha bei ya chini zaidi dukani. Kifupi, chepesi, kinaruka mkononi kama kambale, na vitia shabaha vya mbele na nyuma vimekaribiana kiasi kwamba mkono ukitikisika chembe, risasi imekwenda kwa jirani. Kwa shabaha chukua ndefu na nzito kidogo, kipini kijae kiganja. Ningekuwa wewe ningeulizia hata ya risasi ndogo ya .22, mshindo wake mdogo, haikufundishi kufumba macho kabla ya kufyatua. Au ya mkono wa pili ya kampuni nzuri, iliyotunzwa, ikihamishwa kwa njia ya polisi kama inavyotakiwa. Kila siku uko Mtumba kwenye mji wa Serikali kazini, mtumba usikuogopeshe.

Bastola tumemaliza. Tuje kwenye hesabu.

Umesema mmekwenda mara tatu, huko Dar, na Dodoma huna pa kulengea. Mtu anayetaka kupiga vizuri, tuseme anakwenda mara mbili kwa mwezi na kufyatua risasi 100 kila safari. Kwa mwaka ni risasi 2,400. Kila shilingi elfu moja ya bei ya risasi moja ni milioni 2 na laki 4. Chukua bei uliyotajiwa na muuzaji, zidisha mwenyewe, mimi sitaki kukuharibia chakula. Utaona kwamba punguzo lote ulilolifurahia kwenye bastola linaliwa na risasi kabla zabibu hazijavunwa mara mbili. Na kama huwezi kwenda mara mbili kwa mwezi, ukaenda mara nne kwa mwaka ukisafiri kikazi, basi unanunua kitu cha kukaa kabatini siku 361.

Usije ukaniambia utakwenda porini huko Chamwino. Risasi ya 9mm iliyokosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na kwenye lile pori unaloliona tupu kuna kijana na mbuzi wa baba yake.

Kwa hiyo kwa mtu mwingine, mwenye uwanja karibu na risasi mfukoni, ningesema nunua hiyo ya Uturuki kesho asubuhi. Kwako wewe nasema usinunue mwaka huu. Endelea kwenda na rafiki yako, changia risasi, au ulizia pale uwanjani kama wana za kwao za kukodisha na mwalimu wa kukusimamia. Kile unachokipenda, yaani kichwa kutulia, utakipata kile kile kwa bastola ya kuazima.

Halafu kuna mkeo. Unataka kufanya siri jambo ambalo halifanyiki kwa siri. Silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni inatoka polisi, na maombi yanaanzia mtaani kwako. Mwenyekiti wa mtaa atajua. Watu wa kamati ya ulinzi na usalama watajua. Mama muuza vitumbua aliyeolewa na mmoja wao atajua jioni hiyo hiyo. Mkeo ndiye awe wa mwisho? Asikie foleni ya maji kwamba baba fulani anatafuta bastola? Atajiuliza ni ya nani.

Umeandika alichosema, hukuandika kwa nini. Nadhani hukumuuliza. Mwanamke anayesema "natokea mlango huo huo" ana kitu alichokiona mahali, kwao au kwa jirani, au anaangalia tu wanawe. Huyo wa miaka 6 hajawahi kukuta biskuti ulikozificha? Wangu walizikuta juu ya kabati la vyombo, ndani ya sufuria, ndani ya sufuria nyingine. Nyumba yenye watoto wa umri huo haiwekwi silaha bila sefu ya chuma iliyofungiwa ukutani, risasi zimefungiwa kwingine, na funguo zisijulikane zilipo. Sefu hiyo hukuitaja kwenye bajeti yako.

Kamuulize, usiende kumshawishi. Usimpe habari za Samsun wala za Austria, hizo ni zetu mimi na wewe. Mwambie tu umekwenda wapi mara tatu na ulijisikiaje, kisha unyamaze umsikilize hata kama anachukua jioni nzima. Akitaka, safari ijayo ya Dar mwende wote, akae nyuma na viziba masikio aone mnavyofanya. Akikataa hata hilo, basi una jibu, na Glock ya rafiki bado ipo.

Na ile bahasha, mwanangu, itoe kwenye begi la kompyuta leo, kabla hujalala. Akiikuta kabla hujasema neno, pesa nyingi hivyo, zimefichwa, na wewe ukiwa na safari za Dar kila mara, hatafikiria bastola.