Ukuta wa kufua umeme Msangamkuu?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mvuvi wa Msangamkuu, Mtwara. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita siku nyingine, maji yanapita kwenye mlango wa bandari kwa nguvu hadi unapiga kasia na mtumbwi hausogei. Nasikia Ufaransa wanafua umeme kwa maji kujaa na kupwa. Kwa nini na sisi tusijenge ukuta pale?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umesikia sawa. Kituo cha La Rance kinafua umeme tangu 1966, megawati 240. Maji yakijaa hufungiwa nyuma ya ukuta, bahari ikishapwa huachiwa yapite kwenye mashine. Ila kule maji hupanda na kushuka wastani wa mita 8 hivi. Kwetu, hata bamvua ni mita 3 na ushee. Na hapo kimo kikipungua nusu, umeme unabaki robo, maana maji uliyoyafungia yamepungua na mwanguko wake pia umepungua. Eneo lilelile la maji, kwa mita 3, lingekupa kama moja ya saba ya wanachopata wao. Halafu mlango huo ndio njia ya meli za bandari. Ukuta tuusahau.

Mali yako ni huo mkondo unaokuchosha mikono. Zipo mashine zenye mapanga kama ya feni zinazozamishwa bila ukuta wowote, mkondo ukazizungusha. Hapa kasi ndiyo mwamuzi: ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nane.

Basi tupime. Weka alama mbili ufukweni, mita 100 kati yake, kisha uelee na mkondo sambamba na dafu ulilolitupa majini. Usitumie chupa tupu, upepo utaipeperusha ikudanganye. Likitumia sekunde 100, kila mita ya mraba inayofagiwa na mapanga itakupa wati 170 hivi: taa na chaji za simu. Likitumia sekunde 50, ni kama wati 1,300, na hapo friza ya samaki inazungumzika.

Pima katikati ya kujaa au kupwa. Mimi niliwahi kupima maji yaliposimama, nikarudi nyumbani nikiapa hakuna kitu! Husimama hivyo mara nne kwa siku, na mashine nayo husimama, kwa hiyo bei ya betri iingize kwenye hesabu mapema. Rudia siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu na mkondo kulegea, kisha niletee sekunde zako zote mbili, za bamvua na za maji mafu. Za maji mafu ndizo nitakazoanza kuzisoma.