Muulize Sista: Daktari kasema usiguswe, mama mkwe kaleta mafuta

Shikamoo Sista. Mwanangu Sudi ana miaka sita. Tarehe 27 Desemba alipanda mwembe wa jirani, tawi likakatika, akaangukia mkono wa kulia. Kiwiko kilivimba kama boga. Tulimkimbiza hospitali moja kubwa, wakasema mfupa wa juu ya kiwiko umevunjika na umeachana kabisa. Usiku uleule wakamwingiza chumba cha upasuaji, wakaunyoosha na kumchoma nyaya mbili, kisha wakamfunga hogo la plasta. Baada ya wiki nne nyaya zikatolewa. Mpaka hapo sina neno nao.

Tatizo ni sasa. Hogo limetoka karibu wiki tatu zilizopita, lakini mkono haunyooki wala haukunji. Umekaa kama wa mtu aliyebeba kikapu. Nikamrudisha kwa daktari. Akamtazama hata dakika mbili hazikufika, akasema, "Mwache acheze, rudi baada ya miezi mitatu." Nikauliza, hata mazoezi hamna? Hata kuchuliwa? Akasema asichuliwe na mtu yeyote, mkono usiguswe. Nilipouliza kwa nini, akaniambia, "Mama, daktari ni mimi au ni wewe?" Akaita mgonjwa mwingine.

Mama mkwe anasema hiyo siyo tiba, ni kutufukuza. Ameleta mafuta ya nyonyo na amempata mzee wa kuunga mifupa, ambaye atamchua na kuuvuta kidogo kidogo kila asubuhi. Eti atavunja na kuku mguu, kuku akitembea ndiyo mtoto naye kapona. Kinachomuuma zaidi mama mkwe ni kwamba Sudi sasa anakula kwa mkono wa kushoto, na chuoni ustadhi amemsema mbele ya wenzake. Mume wangu ni dereva wa masafa, kwenye simu anasema "fanyeni mnaloona linafaa". Mimi moyoni nasimama na mama mkwe, maana kukaa bure miezi mitatu na mtoto mwenye mkono mkavu siwezi. Nisaidie.
*Mama Sudi, Mombo*

Marahaba, Mama Sudi, na pole ya mtoto.

Nianze na jibu, kwa sababu barua imechukua siku kufika na huenda chupa ya mafuta imeshafunguliwa: usikubali mkono huo uchuliwe wala uvutwe. Si na mzee wa milimani, si na mama mkwe, si na wewe mwenyewe ukiwa unamwogesha. Kama wameshaanza, waache leo. Kwa alichokuambia kuhusu mkono, daktari yuko sahihi. Kwa namna alivyokuambia, hapana, na hilo nitalirudia.

Nilifanya kazi wodi ya mifupa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ningeweza kukujibu kwa habari za watoto wa watu. Nitakupa ya wangu. Mwaka 1987 binti yangu wa pili, ana miaka saba, alipakiwa kwenye baiskeli akaanguka, akavunjika palepale alipovunjika Sudi, ila mkono wa kushoto. Akatibiwa vizuri, hogo likatoka, mkono ukawa umekakamaa kama huo unaouona wewe. Daktari akaniambia maneno yaleyale: mwache. Marehemu mama yangu aliishi nasi, na alikuwa na mikono inayosifiwa mtaa mzima, wanawake walikuja kukandwa kwake wakitoka kujifungua. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Nikirudi asubuhi nalala, naye anachemsha maji, anatoa mafuta ya nazi, anamwita mjukuu uani.

Nilijua. Nilimsikia mtoto akilia, "Bibi basi, bibi basi," nikajigeuza upande wa pili. Nilijiambia bibi hawezi kumuumiza mjukuu wake, na kweli hakukusudia. Baada ya mwezi mkono ulikuwa umepungua kukunja badala ya kuongezeka, na ulikuwa wa moto. Tulipopiga picha, mbele ya kiwiko, mahali ambapo panatakiwa kuwa na nyama tu, palionekana kiwingu cheupe. Ulikuwa mfupa. Mfupa umeota ndani ya msuli.

Ndiyo "kwa nini" aliyokunyima daktari wako. Mfupa wa pale unapovunjika na kuachana, ncha yake huchana msuli uliolala mbele ya kiwiko, damu ikavilia humo. Ukiusugua na kuuvuta kwa nguvu unauchana tena kila siku, na msuli wa kiwiko una tabia mbaya: ukichokozwa sana, damu ile hugeuka mfupa. Mfupa huo hufunga kiwiko kama komeo. Binti yangu leo ni mtu mzima, ana watoto wake. Mtazame anapovaa hereni. Sikio la kulia anavaa kama kila mwanamke. La kushoto hapeleki mkono kwenye sikio, anainamisha kichwa hadi sikio liufuate mkono. Hajawahi kunilaumu, na mimi huwa natazama pembeni.

Sasa kuhusu kukaa bure. Sudi hakai bure. Kiwiko cha mtoto aliyefungwa wiki nne lazima kikakamae, na dawa yake ni mtoto mwenyewe kukitumia, kwa kipimo anachokiweza, bila kulazimishwa. Maumivu yake ndiyo breki, na wewe usiiondoe breki hiyo. Watoto wengi wa umri wake hawahitaji hata kupelekwa kwa mtu wa viungo. Sehemu kubwa ya mkunjo hurudi ndani ya miezi michache ya kwanza, na kilichobaki huendelea kurudi polepole hata kufikia mwaka. Wiki tatu ni mapema mno kumhukumu.

Habari ya kula kwa kushoto imenigusa, maana najua kwetu inavyotazamwa. Itumie hiyohiyo kama mazoezi. Mwekee Sudi sahani mbele, tonge la ugali alimege kwa kulia, na mwache kichwa kifuate mkono. Wiki hii atainama sana. Wiki ijayo atainama kidogo zaidi ya wenzake. Akichoka amalizie kwa kushoto, na asigombezwe na mtu. Nenda mwenyewe kwa ustadhi, mweleze kwamba mkono wa kulia una udhuru na ni wa muda tu. Akielezwa atamsubiri. Nyumbani mpe beseni la maji ya uvuguvugu na vikombe achezee, mpe gololi, mpe kipande cha mkaa achore ukuta wa uani, kuanzia chini na kila siku juu kidogo. Mwembe mfungie kwa sasa.

Na chora alama, Mama Sudi. Msimamishe kwenye fremu ya mlango, bega limeigusa, mwambie anyooshe mkono juu kadiri anavyoweza, weka mstari kwa kalamu na uandike tarehe. Kila Ijumaa rudia. Mstari ukipanda, hata kwa upana wa kidole, daktari kashinda hoja. Ukishuka wiki mbili mfululizo, au kiwiko kikawa cha moto na kuvimba, au tundu za nyaya zikatoa usaha, usingoje hiyo miezi mitatu. Kuna na vidole: mwambie anyanyue gumba kama anayeomba lifti, kisha afanye duara kwa gumba na kidole cha shahada, kisha atanue vidole vyote. Kama kimoja kati ya hivyo hakiwezi, mwonyeshe daktari mapema. Mishipa ya fahamu hupita palepale panapovunjika, na mara nyingi hujeruhiwa na mfupa wenyewe siku ya kuanguka, kisha hupona yenyewe polepole kwa miezi. Lakini lazima iandikwe kwenye faili na ifuatiliwe.

Nirudi kwa daktari. Swali lako lilikuwa la haki na lilistahili sentensi tatu. "Daktari ni mimi au ni wewe" si jibu. Najua foleni ya kliniki ya mifupa ilivyo, nimeisimamia, lakini mzazi anayefukuzwa bila sababu huenda kuitafuta sababu kwa mtu mwingine, na kwako mtu huyo ameshapatikana na kuku wake. Ukirudi, usimuulize "hata mazoezi hamna?" maana hapo anasikia unamwambia hajafanya kazi. Muulize hivi: "Daktari, ukisema tusubiri, unatarajia baada ya mwezi mmoja niwe nimeona nini?" Hilo hawezi kulijibu kwa kukufukuza. Na mtajie mama mkwe. Mwambie wazi, nyumbani kuna mzee anataka kumvuta mkono, nipe neno la kuwaambia. Sijaona daktari aliyesikia hivyo akanyamaza. Akinyamaza, omba picha za mkono na barua ya rufaa, upate macho ya pili. Kutoka Mombo, hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi ni karibu kuliko kwenda taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam, na kuomba maoni ya daktari mwingine si kumtukana wa kwanza.

Usije ukadhani nawatetea madaktari kwa sababu nilivaa sare. Kuna wakati mzazi asinyamaze hata aitwe nani. Usiku mmoja wodini kwetu kulikuwa na mama ambaye mwanawe alifungwa hogo jioni ile. Alikuja kwenye meza yangu mara ya kwanza, nikampa mtoto dawa ya maumivu. Mara ya pili nikamwambia mtoto aliyevunjika lazima alie. Tulikuwa tumeshampa jina, "Mama Mkorofi". Saa tisa usiku akaja tena, safari hii hakusema kitu, akanishika mkono akanivuta hadi kitandani akaniwekea vidole vya mwanawe kiganjani. Vilikuwa baridi kama chuma cha kitanda. Nilipojaribu kukinyoosha kidole kimoja, mtoto alipiga ukelele hata wodi ya jirani wakaamka. Daktari wa zamu akaitwa, hogo likapasuliwa lote pamoja na bendeji mpaka ngozi ikaonekana, na tukasimama pale tukitazama rangi inavyorudi kwenye kucha. Misuli iliyobanwa hivyo hufa kwa saa chache tu, na haifufuki. Yule mama hakuwa amesoma uuguzi. Alichokuwa nacho ni vidole vya mwanawe mkononi.

Unaona tofauti na kisa chako? Yeye alibishana nasi kwa kitu alichokiona, pale pale, mbele yetu. Wewe unataka kubishana kwa kwenda uani kimyakimya, kama nilivyofanya mimi.

Mama mkwe usimdharau. Anamwonea uchungu mjukuu, na mikono yake inatafuta kazi. Mpe yeye kalamu ya kuchora alama za Ijumaa, awe ndiye msimamizi. Hayo mafuta ya nyonyo ajichue magoti, yanamfaa. Na kuku mkamchinje, Sudi ajaribu kumla kwa mkono wa kulia.

Sista, na mimi nina ugomvi na daktari. Binti yangu wa miaka saba amevunjika karibu na kifundo cha mkono. Kwenye picha mfupa umepinda waziwazi, hata mimi mfanyabiashara wa vitenge nauona. Daktari ameufunga hogo hivyohivyo, anasema utajinyoosha. Huo si uvivu?
*Baba Neema, Morogoro*

Baba Neema, inawezekana kabisa si uvivu. Mifupa ya kati ya kiwiko na kifundo hukua zaidi upande wa kifundo, na kwa mtoto wa miaka saba, miaka iliyobaki ya kukua ni mingi, kwa hiyo pindo la wastani karibu na kifundo, la kuelekea juu au chini kama kiganja kinavyokunja, hunyooka lenyewe mtoto akikua. Ingekuwa kiwikoni nisingekuambia hivyo, maana mfupa wa kati ya bega na kiwiko hukua sehemu ndogo tu upande wa kiwiko, na pindo la ubavuni pale hubaki. Mfupa uliojizungusha nao haujinyooshi popote. Kwa hiyo muulize mawili: umepinda nyuzi ngapi, na je, umejizungusha? Muulize pia kama atapiga picha nyingine baada ya wiki moja, maana mfupa huweza kuteleza ndani ya hogo wakati uvimbe ukipungua. Akisema hakuna haja ya picha, hapo ndipo ugombane.